Mvua za Vuli Katika Nchi ya Makueni

Wasikilizaji, mkulima wa Makueni ana misimu miwili ya mvua, lakini haitegemei kwa kadiri moja. Masika, ya Machi hadi Mei, mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajazaa. Vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo ijazayo ghala. Ikikosa, nyumba hununua chakula muda wa miezi mingi.

Kwa hiyo likianguka tone la kwanza, kila mtu hujiuliza: mvua hii imefika, au yapita tu? Mama aliyebakiwa na debe moja la mbegu akilipanda lote siku hiyo, kisha jua likawaka majuma mawili, miche hukauka naye hana mbegu nyingine. Wako wapandao katika vumbi kabla ya mvua, nao wana sababu, maana maji ya kwanza hayapotei bure. Lakini hatari ni ile ile.

Asili ya mvua hiyo ni mbali. Jua lirudipo kusini, ukanda wa mvua hulifuata ukipita juu ya Kenya, wakati ambapo kusi imelegea na kaskazi haijashika. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yakipata joto kupita kawaida, mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019, mafuriko yakaharibu mali nyingi. Upande huo ukipoa, mawingu hujikusanya upande wa Indonesia. Tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya.

Idara ya Hali ya Hewa huitazama bahari hiyo, kisha hutoa utabiri kabla ya msimu. Utabiri si ahadi. Ikisemwa kwamba nafasi ya mvua kuwa haba ni 45 katika 100, zimebaki 55 za kuwa ya kawaida au kuzidi. Wengi husikia neno “haba” tu, kisha ikinyesha huwacheka wataalamu. Hapo kosa ni la sikio. Tena vilima vya Mbooni na Kilungu hupata mvua kuliko tambarare za Kibwezi, wala tangazo moja haliwezi kueleza kila bonde.

Ndiyo sababu kipimo cha mvua cha kijijini kina thamani. Husomwa kila siku saa tatu asubuhi; milimita 1 ni lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba. Asiye na kipimo na achimbe kwa jembe aone unyevu umeshuka kiasi gani, kama wafanyavyo wazee, nao hawakosei sana.

Utabiri ukielekea ukavu, yafaa kupanda mahindi ya Katumani, yaliyotengenezwa karibu na Machakos kwa ajili ya mvua fupi, pamoja na ndengu, kunde na mtama. Sehemu ya mbegu na ibaki ghalani mpaka mvua ya pili inyeshe.