Jini Mahaba wa Majengo



Maudhui niliyoyachagua huzungumzwa kwa sauti ya chini na aghalabu huachiwa waganga na wahubiri. Lakini naona ni wajibu wa chuo kikuu kuyatazama kwa adabu na kwa makini, maana ni nani miongoni mwetu aliyekulia mitaa hii ya Majengo, Pumwani, ambaye hajapata kusikia habari za mwanamke aliyependwa na jini, akawa haolewi, au akiolewa hamtaki mumewe, kwa kuwa usiku humjia mwingine asiyeonekana, ambaye Waislamu wa Majengo humwita jini mahaba, na makanisa ya maombezi humwita mume wa kiroho?

Jini huyu hakuzaliwa kando ya Mto Nairobi. Alifuatana na watu wa pwani na desturi zao katika vijiji vya awali vya Nairobi kama Pangani, na serikali ya kikoloni ilipoianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, naye akapata makao. Serikali ile ilimtaka mwanamume peke yake, mwenye nguvu za kazi na kipande shingoni, wala haikumjengea mahali pa mke na watoto. Na katika mji wa namna hiyo wakaingia wanawake waliokuja peke yao, ambao, kama alivyoonyesha mwanahistoria Luise White katika kitabu chake cha 1990, The Comforts of Home, waliuza chakula, maji ya kuoga na ubavu wa kitanda, na baadhi yao, wengi wakiwa wamesilimu, wakawa na nyumba kwa majina yao wenyewe. Mwanamke mwenye nyumba, asiye na mume wala haja ya mume, hukosa amani kwa maswali ya majirani. Na kwa maoni yangu jini mahaba alikuwa jibu lenye heshima, kwani mwenye mume wa ghaibu hawezi kuitwa mhuni, wala hakuna shemeji atakayekuja kudai mirathi ya nyumba.

Tena ni mume mwenye masharti. Waganga wa pwani wanajua kwamba jini wa namna hii mara nyingi hafukuzwi, bali wao hukaa naye kilingeni wakapatana, ubani ukifuka, jini akinena kwa kinywa cha mwanamke aliye kiti chake: ataka marashi, ataka pete ya fedha, ataka nguo nyeupe, na pengine ataka usiku fulani uwe wake, mume wa kibinadamu asiusogelee. Hebu tafakarini ni mke gani wa kawaida angeweza kumwambia mumewe neno hilo kwa kinywa chake mwenyewe, akasikilizwa.

Maulama wa zamani hawakulipuuza jambo hili. Badruddin ash-Shibli, kadhi wa karne ya 14 aliyetunga kitabu kizima juu ya hukumu za majini, amenakili kwamba watu wa Yemen walimwandikia Imam Malik bin Anas wa Madina kumwuliza juu ya jini aliyeleta posa akitaka kuoa kwa halali. Naye Imam akajibu kwamba haoni ubaya wake katika dini, ila anachukia mwanamke akutwe na mimba, aulizwe mumeo ni nani, naye ajibu kuwa ni jini, na kwa sababu hiyo ufisadi ukaenea.

Jibu hilo nalistahi sana, walakini lamtuhumu mwanamke, na hofu yangu mimi imeelekea upande mwingine. Matabibu watatwambia, nami nawasadiki, kwamba mtu huweza kuamka akili hali viungo vyake bado vimeshikwa na usingizi, akahisi mzigo kifuani na mtu chumbani; jinamizi hilo halina mkosaji. Lakini chumba kimoja cha Majengo hulaza baba, mjomba, kaka na mpangaji, na binti asemaye kwamba kuna ajaye usiku huenda anasema kweli tupu, kisha sisi wazima, kwa kumwogopa aliye hai, tukampa jina la jini ili asitafutwe. Hapo lile jibu lililomsitiri mwanamke mwenye nyumba humsitiri dhalimu, na hiyo ni khiyana isiyovumilika.

Kwa hiyo nawaomba waganga wa kilinge na wachungaji wa maombezi wakubaliane juu ya sharti moja: binti aliye chini ya miaka 18 asifukizwe ubani wala asiwekewe mikono kichwani kabla hajapewa nafasi ya kuzungumza faraghani na mwanamke asiye wa nyumba yake; na iwapo atakayemtaja ni mtu, jambo hilo lifikishwe hospitalini na kwa polisi siku ile ile, lishughulikiwe kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, wala lisisuluhishwe barazani kwa mbuzi na leso.