"Mahindi Yameharibika"

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Mwalimu Mkuu, walimu wangu mlionifundisha na kunichapa, wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana ambao leo mnakalia madawati yetu:

Nimeombwa niseme machache juu ya namna ya kuongeza maneno tunayoyatumia kila siku. Nadhani Mwenyekiti amenichagua kwa kuwa anazikumbuka insha zangu za kidato cha pili. Siku zile nilipenda maneno makubwa. Sikuweza kuandika "alifika". Ilikuwa lazima "aliwasili kwa mbwembwe na bashasha", hata kama aliyefika ni mbuzi. Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mbuzi huyu ana cheo gani?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikuelewa kosa langu mpaka nilipoanza kazi, na kulielewa kuliwagharimu watu wengine.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa nimetoka Chuo Kikuu na shahada yangu, nilitumwa kukagua ghala la kijiji kimoja. Mzee aliyelitunza alinionyesha paa lililokuwa likivuja, kisha akaingiza mkono katika gunia la chini. "Mwanangu," akasema, "haya yamelowa, yanavunda, na yameanza kuota kuvu. Sisi hatuna ruhusa ya kuyatoa, wala hatuna turubai za kuanikia. Waambie wakubwa mapema, kabla hayajayaharibu ya juu."

Niliitikia, nikarudi ofisini, nikaandika taarifa ya kurasa mbili. Ilijaa "kwa mujibu wa" na "kwa kuzingatia hayo". Lakini habari yenyewe niliitia katika sentensi moja: "Baadhi ya mahindi yameharibika."

Aliyeipokea taarifa hakuwa mjinga. Msimu ule dumuzi walikuwa wakivisumbua vijiji vya jirani, naye akadhani mahindi yamebunguliwa. Akaagiza dawa ya kuua wadudu, ikafika baada ya wiki tatu. Dawa ya wadudu haiondoi kuvu, wala haizibi paa. Tulipofungua ghala, harufu ilitupokea mlangoni. Tulifukia magunia 43, na kijiji kikaingia katika miezi ya njaa akiba ikiwa pungufu. Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, mimi nilikwambia. Wewe uliandika nini?" Mpaka leo sijampa jibu.

Na tungeyagawa mahindi yale, huenda tungefanya kosa kubwa zaidi. Kuna aina za kuvu zinazoacha sumu ndani ya nafaka, na kupika hakuiondoi. Wataalamu huiita sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Ndugu zangu, yule mzee, ambaye hakupata kukaa darasani kama mimi, alinipa maneno matatu: kulowa, kuvunda, kuota kuvu. Kila neno lilikuwa na kazi ya kufanya: ziba paa, anika, tenga magunia na uyapandishe juu ya chaga. Mimi msomi niliyachukua yote matatu nikayafunika kwa neno moja lisilomwambia mtu afanye nini.

Kwa hiyo ninaposema tuongeze maneno, sina maana ya maneno ya kutishia watu. Nina maana ya neno linalokaa mahali pake. Tazameni lugha yetu ilivyo tajiri. Ugali huchacha, yai huwa viza, kisu huwa butu, kamba hukatika, nguo huchanika, chungu hupata ufa. Sisi husema vyote "vimeharibika". Mama humweleka mtoto mgongoni, akiketi humpakata. Kuni hujitwika kichwani. Sisi husema "amebeba", basi.

Ninyi vijana mtaniuliza: tufanyeje? Nitawapa njia nne ninazozifuata mwenyewe tangu siku ile.

Kwanza, uwe na daftari dogo la mfukoni. Ukisikia neno jipya, usiliandike peke yake. Liandike pamoja na sentensi uliyoisikia.

Pili, tumia kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na imekwisha kutolewa upya. Ukifungua neno, tafuta na ndugu zake. Ukijua linda, unao tayari mlinzi, ulinzi, lindo na kulindana. Jitihada moja inakupa maneno matano.

Tatu, muulize mwenye kazi yake. Fundi seremala, mvuvi, mpishi, bibi yako shambani: hao ni kamusi zinazotembea. Wala usidharau maneno ya lugha za kwenu. Ikulu ni neno lililotoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Na Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985, tulizoea kusema "ameng'atuka", neno la Kizanaki, lugha ya nyumbani kwake.

Nne, litumie neno kabla jua halijatua. Neno lisilotumika husahaulika upesi.

Nanyi wenzangu wa zamani, ambao wengi wenu mnatia sahihi barua na taarifa: kabla ya kutia sahihi, jiulizeni kama mtu asiyekuwapo atajua la kufanya akiisoma. Kama hatajua, rudini kwa aliyewapa habari, mwandike alivyosema yeye.

Sisi wa mwaka wetu tumechanga kidogo tukanunua kamusi 10 kwa ajili ya maktaba ya shule. Nawaomba vijana mzichakaze. Tukija mwakani tukazikuta zinang'aa kama mpya, tutazichukua turudi nazo.