Maana ya Neno «Masurufu»



Wasikilizaji wapenzi, juma lililopita mzee mmoja alituuliza maana ya neno alilolisikia kwa watu wa pwani: masurufu. Sisi wa Likasi twajua posho. Je, si kitu kimoja?

Si kimoja. Masurufu ni neno lenye asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na sarafu, na hata na sarufi, ile iliyotutoa machozi shuleni. Maana yake ni chakula au fedha iliyotengwa kwa ajili ya safari, na pia fedha ya matumizi ya nyumbani.

Tazameni majahazi ya zamani, yaliyoshuka kutoka Uarabuni kwa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, yakarudi kwa kusi. Nahodha alipakia mchele, tende na maji kabla ya kung'oa nanga, akihesabu siku za njiani. Maana katikati ya bahari hakuna kisima. Tena mabaharia wengi hawakuwa na mshahara wa mwezi. Katika mapato ya safari ilitolewa kwanza gharama ya chakula, ndipo kila mtu akapata fungu lake. Basi aliyemwaga mchele alipunguza fungu la wenzake wote. Hata leo, huko Tanzania, mtumishi wa serikali anayesafiri hupewa masurufu, naye akirudi hutoa hesabu yake.

Posho ni jambo jingine. Zamani za Union Minière wazee wetu wa Panda na Shituru walipokea unga wao. Kampuni ndiyo iliyohesabu siku. Posho ilipokwisha, wengi wetu hatukujua kuhesabu. Nao waliojua walipatwa: Oktoba 1993, zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya 1. Methali husema akiba haiozi. Ile iliozea mkononi. Tusiwaite wazembe waliolia siku zile.

Kwa hiyo tukisema wekeni masurufu, hatusemi rundo la noti. Mama anayepima mahindi kwa meka, akihesabu majuma yaliyobaki mpaka mavuno, akitenga na bukari ya mgeni, huyo ndiye nahodha. Yule tajiri wa Injili, aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi, hakuhesabu safari yoyote. Alihesabu ghala tu.

Nayo safari ya mwisho ina masurufu yake. Komunyo apewayo mtu aliye karibu kufa huitwa kwa Kilatini viaticum, neno lililokuwa la chakula na fedha ya msafiri. Hapa twakosea mara nyingi: twaogopa kumwita padre mapema, tusije tukamtisha mgonjwa, naye padre afikapo, mgonjwa hawezi tena kumeza. Aliye na mgonjwa nyumbani atuarifu kesho kabla ya Misa, asingoje usiku wa manane.