Kamera Ndani ya Gari Lililoegeshwa Juani: Mazungumzo na Wapiga Picha wa Kigoma na Ujiji



Swali mlilotuletea ni fupi: je, joto la ndani ya gari lililoegeshwa laweza kuiharibu kamera? Jibu letu ni hili. Mwili wa kamera kwa kawaida huvumilia, betri haivumilii, nayo lenzi huonekana imevumilia, mpaka siku itakapogoma mbele ya bibi harusi.

Swali hili lina uzito wake hapa kwetu. Anayekwenda Gombe hana barabara ya kufika huko. Huacha gari Kigoma mjini au karibu na mwalo wa Kibirizi, akapanda boti, asirudi mpaka jioni au kesho yake. Mpiga picha wa harusi naye hutoka nyumbani kwa bibi harusi Ujiji, akaenda msikitini au kanisani, kisha ukumbini, huku mkoba wa pili ukibaki garini kutwa. Mkoba huo mara nyingi ndio mtaji wake wote, na pengine deni lake halijaisha.

Wako wanaosema kwamba Kigoma si Dar es Salaam, kwamba mji uko kadiri ya mita 770 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa unapoza. Ni kweli kwa mtu aliyesimama nje. Gari lililofungwa halipati upepo. Mwanga wa jua hupenya vioo, viti na dashibodi hulipokea joto na kulitoa tena, na hewa iliyopata moto haina pa kutokea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba joto la ndani ya gari hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Basi siku ya nyuzi 28, gari laweza kufikia nyuzi 50, na dashibodi inayopigwa na jua moja kwa moja huzidi hapo. Fungueni vitabu vya maelekezo ya kamera zenu: nyingi zimeandikwa zitumike kati ya nyuzi 0 na 40.

Tuanze na betri, maana hapo ndipo hasara ilipo. Betri za lithiamu huzeeka upesi zikikaa kwenye joto, na iliyojaa kabisa huzeeka upesi zaidi kuliko iliyo nusu. Hutaona kitu siku hiyo. Utaona baada ya miezi kadhaa, betri iliyokuwa ikimaliza harusi nzima inapokufa kabla ya keki kukatwa. Betri iliyovimba isichajiwe tena wala isibonyezwe irudi mahali pake, kwa kuwa yaweza kushika moto. Betri za bei ya chee zisizo na jina la mtengenezaji tunaziogopa zaidi, na hatuoni sababu ya kulificha hilo.

Lenzi ina grisi na gundi ndani yake. Joto likirudiwa siku baada ya siku, grisi hulainika na mafuta yake huweza kutambaa hadi kwenye vile vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, navyo vikaanza kunata. Hatari nyingine ni ya papo hapo: lenzi isiyo na kifuniko, ikiachwa dashibodini ikielekea jua, hukusanya miale kama kioo cha kukuzia na yaweza kuunguza sehemu za ndani ya kamera.

Kadi za kumbukumbu zina afadhali. Nyingi zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 85, kwa hiyo picha mlizokwisha kupiga haziko hatarini sana kwa sababu ya joto. Hata hivyo toeni kadi mwende nayo mfukoni; mwizi haogopi joto.

Ikiwa hapana budi kuacha vifaa garini, viwekeni sakafuni nyuma ya kiti au ndani ya buti, mbali na macho ya watu na jua, na mvifunike kwa kitambaa cha rangi nyeupe. Betri nendeni nazo. Kivuli cha mwembe ni kizuri, na Ujiji haina uhaba wa miembe, ila kivuli huhama: gari lililokuwa kivulini saa tatu asubuhi laweza kuwa juani saa nane. Kasha la plastiki la kubebea soda baridi husaidia sana likiwa kavu na bila barafu. Lililowahi kubeba dagaa mtaliamua wenyewe.

Mkirudi na kukuta kamera ina moto, msiiwashe. Iacheni ipoe taratibu ndani ya mkoba. Msiipoze kwa kuielekeza kwenye kiyoyozi, kwa sababu kamera iliyopozwa hivyo ikitolewa kwenye hewa nzito ya ufukweni, hasa wakati wa masika, hushika unyevu juu ya kioo na hata ndani. Unyevu huo ukirudiwa huzaa kuvu, na kuitoa kuvu ndani ya lenzi ni gharama.

Limebaki suala la dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji aliyeuziwa bidhaa isiyofaa kwa matumizi yake, lakini muuzaji naye ana haki ya kuuliza kifaa kilihifadhiwa wapi. Kamera iliyogoma wiki mbili baada ya kununuliwa, ikiwa imetunzwa vizuri, irudisheni dukani pamoja na risiti ya mashine na kadi ya dhamana, na andikeni tarehe tatizo lilipoanza. Muuzaji akisema "ni joto tu", mwombeni aonyeshe katika kitabu cha maelekezo mahali palipokatazwa, na ampe fundi aikague mkiwapo. Msikubali ifunguliwe kwanza na fundi wa pembeni, kwani hapo hoja yenu hudhoofika.

Sasa tuko tayari kupokea maswali, na aliyekuja na betri iliyovimba tunamwomba aiache nje ya ukumbi.