Sigara na Vijana Wetu wa Vudee

(Haya ni maneno ya mwalimu mmoja aliyestaafu, aliyoyasema mbele ya wazazi na vijana huko Vudee, Upare, wilaya ya Same.)



Mimi nilianza kuvuta sigara nikiwa na umri wa miaka 12. Sikuiba. Marehemu baba alikuwa akinituma dukani kumnunulia, kisha huniambia niiwashe jikoni kwa kaa la moto nimletee. Na sigara haiwaki vizuri bila kuvutwa. Basi kila nilipotoka jikoni nilikuwa nimekwisha pata yangu. Wangapi hapa wamelelewa hivyo? Naona mnacheka. Nami nilicheka miaka mingi.

Kila aliyeniuliza hali nilimjibu, "Mzima." Asubuhi nakohoa, nasema ni baridi ya milimani. Nikipanda kutoka bondeni nasimama mara 3 njiani, nasema mzigo ni mzito. Kijana avutaye hajui kifua cha mwenzake asiyevuta kikoje. Hudhani watu wote huhema kama yeye.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Ulaya, tangu miaka ya 1980, watoto wa shule wa miaka 11, 13 na 15 huulizwa maswali mengi juu ya maisha yao, na siku hizi limo moja jepesi: wewe mwenyewe waionaje afya yako? Nzuri sana, nzuri, ya kadiri, au mbaya? Wale wanaovuta huelekea zaidi kuliko wenzao kusema kwamba afya yao si nzuri. Hawajapata kansa, hiyo kwa kawaida huja baada ya miaka mingi. Lakini mwili umekwisha wanong'oneza.

Yupo atakayeuliza, je, sigara ndiyo iliyowaharibia hali, au walikuwa na taabu ndipo wakaishika sigara? Hilo ni swali la haki, na yote mawili hutokea. Mapafu ya kijana wa miaka 14 bado yanakua, na moshi huyapunguzia kukua. Nikotini hufika ubongoni kwa sekunde chache tu, na ubongo wa kijana, ambao huendelea kukomaa hata kupita miaka 20, hunaswa upesi kuliko wa mtu mzima. Lakini pia mtoto mwenye huzuni nyumbani, au aliyeshindwa mtihani akaona aibu, huikimbilia sigara. Kwa hiyo fimbo isitangulie. Mwulizeni kwanza ana nini.

Sasa nirudi kwetu wazazi, maana hapo ndipo ninapotaka kusema kwa ukali. Tangu mwaka 2003 ipo sheria ya nchi inayokataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Baba anayempa mtoto fedha akamletee sigara anamfanya mwenye duka avunje sheria, na anamfundisha mwanawe njia ya dukani. Nanyi wazee wenye ugoro, msinitazame hivyo. Ugoro nao ni tumbaku, na nikotini imo. Hatuwezi kusema vijana wa leo wameharibika huku kikopo cha ugoro kiko mfukoni.

Mwaka 1945 Wapare walitelemka kwa maelfu mpaka Same kuikataa kodi ya mbiru. Walitelemka kwa miguu, wakapanda tena kwa miguu. Vifua walikuwa navyo.

Jumamosi ijayo tuna msaragambo wa kusafisha ndiva. Ninyi vijana mnaovuta, njoni. Hakuna atakayewataja majina, wala mimi sitawanusa. Pandeni pamoja na wenzenu wasiovuta, na mkifika juu kila mtu ajiulize kimoyomoyo: naionaje afya yangu? Anayetaka kuacha aje kwangu jioni, tuzungumze kwa siri. Mimi niliacha nikiwa na miaka 41, nikairudia mara 2 kabla ya kuiacha kabisa, kwa hiyo aliyeshindwa mara ya kwanza asinionee haya.

Siku hiyo msiningojee njiani. Nitakuwa nyuma, napanda polepole.