Kunde Baridi Wakati wa Joto: Mazungumzo na Walaji wa Mkotokuyana

Tunafahamu kwamba korosho haziokotwi na wageni, na kila saa mliyotupa imetoka shambani. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuzungumzie jambo la shambani: chakula kinachopikwa alfajiri, kikabebwa, kikaliwa baridi mchana chini ya mkorosho. Na katika vyakula hivyo tumechagua kimoja, saladi ya jamii ya kunde isiyotiwa nyama wala dagaa.

Neno saladi huwafanya baadhi yetu wafikirie meza za hotelini. Hakuna sababu ya kulihofu. Kachumbari ipo katika kila nyumba hapa Nachingwea na kwa jirani zetu wa Ruangwa. Mkiichukua kachumbari hiyo na kuiongezea kunde, mbaazi, choroko au maharage yaliyochemshwa yakaiva, hata ikawa mlo badala ya kuwa kitu cha pembeni mwa sahani, hiyo ndiyo saladi tunayoizungumzia.

Faida zake hazihitaji maneno mengi. Gramu 100 za kunde au mbaazi kavu hubeba takriban gramu 20 hadi 24 za protini, na bei yake haifanani na ya nyama. Kunde na nafaka hukamilishana, kwa kuwa kile kinachopungua katika protini ya mahindi kimo kwa wingi katika kunde, nacho kinachopungua katika kunde kimo katika mahindi. Aliyekula ugali kwa kunde, basi, hakula chakula cha kubahatisha. Zaidi ya hayo, katika miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijatulia, joto la mchana hupita nyuzi 30 na mtu hatamani kuwasha kuni saa saba mchana.

Tuna sababu nyingine ya kuchagua mada hii hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga nchini, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Misitu ilifyekwa ili mafuta ya karanga yaende katika meza za Waingereza, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kushindwa. Miaka mingi baadaye zikaja mbaazi, nazo tukazilima tukilitazama soko la India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wakabaki na magunia. Hatusemi mtu asiuze mazao yake. Tunasema tu kwamba zao lililokosa bei halijakosa lishe, na kwamba ni ajabu kidogo gunia la mbaazi kulala chumbani ilhali watoto wanakula ugali kwa chumvi.

Sasa tuingie katika kiini cha mazungumzo. Ubwabwa wa jana hupashwa moto. Mchuzi uliolala huchemshwa tena. Saladi haina moto wa pili. Uchafu utakaoingia baada ya sufuria kuepuliwa utafika mdomoni kama ulivyo. Kwa hiyo usalama wote wa chakula hiki umo katika hatua zinazotangulia: kuchagua, kuchemsha, kupoza na kubeba.

Tuanze na kuchagua. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohama kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), walaji wengi wamezoea kutafuta alama ya ubora kwenye chupa ya mafuta au pakiti ya unga. Ni desturi njema. Lakini kunde za gunia lililo wazi sokoni hazina alama, na hapo mlaji mwenyewe ndiye mkaguzi. Chota kiganja kimoja, uzitazame penye mwanga. Ziache zilizobunguliwa, zenye ukungu na zenye harufu ya uvundo. Kisha muulize muuzaji swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: zimehifadhiwa kwa dawa gani, na lini? Dawa ya unga ya kuzuia wadudu ghalani ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti yake. Kunde zilizochanganywa na dawa wiki hii si za kuchemsha wiki hii. Nazo mbegu za kupanda zilizotiwa dawa yenye rangi nyekundu, kijani au buluu haziliwi kabisa, hata zikioshwa mara kumi.

Anayehifadhi za nyumbani anaweza kuepuka dawa hizo kwa kutumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Teknolojia hiyo ilibuniwa miaka ya 1980 huko Kamerun, tena kwa ajili ya kunde hasa. Mfuko ukifungwa vizuri wadudu hukosa hewa wakafa, na chakula hutoka bila dawa. Bei yake huonekana kubwa siku ya kununua. Msimu wa pili haionekani tena.

Kuhusu kuchemsha, jamii hizi hazifanani. Choroko haina haja ya kulowekwa. Kunde na mbaazi kavu zilowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na zichemshwe katika maji mapya. Maharage mekundu yanahitaji uangalifu wa pekee. Yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo yakiliwa mabichi au nusu-mabichi huleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Punje nne au tano zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sumu hiyo huharibika kwa mchemko wa nguvu, wala si kwa joto la polepole. Sufuria iliyoachwa juu ya makaa yanayofifia, ikawa vuguvugu asubuhi nzima bila kutokota, yaweza kuwa hatari kuliko kutopika, maana mlaji huona punje zimelainika akadhani zimeiva. Tunashauri yalowekwe saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua 30, ndipo moto upunguzwe hadi yaive. Wapo wanaotia magadi ili kuokoa kuni. Tunawaelewa, lakini magadi huharibu sehemu ya vitamini B1, na kuloweka vizuri hufanya kazi ileile bila hasara hiyo.

Kwa familia ya watu sita hadi wanane, nusu kilo ya kunde kavu inatosha. Zikiiva uzito wake huwa zaidi ya mara mbili. Zichemsheni mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili bila kupasuka ovyo. Kunde zilizovurugika hufaa kwa mchuzi, si kwa saladi.

Hatua ya kupoza ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili nafasi kubwa kuliko zote. Vijidudu vya chakula hustawi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula cha moto sana kiko salama, na cha baridi sana kiko salama. Cha vuguvugu ndicho shamba lao. Kuna hata vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili mchemko. Sufuria nzito yenye kifuniko, ikipoa taratibu tangu alfajiri hadi adhuhuri, huvipa muda wa kuamka na kuzaana, na sumu inayotolewa na baadhi yake haiondoki hata chakula kikipashwa tena. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba. Chini ya mkorosho wa Novemba, tunawashauri msizifikie saa hizo mbili.

Je, asiye na jokofu afanye nini? Njia iliyo bora kwa wanaokwenda shambani ni kutochanganya saladi nyumbani. Zitoeni kunde zikiwa zinatokota, mzichuje haraka na kuzitia katika hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto, kisha mfunge. Nyanya, matango, vitunguu na malimau yabebwe mazima, yakiwa yameoshwa, katika chombo chake. Wakati wa kula ukifika, nawa mikono kwa sabuni, kata mboga, fungua hotpoti, changanya, mle papo hapo. Kunde zitakuwa bado za moto, mboga zitazipoza mdomoni, na ile saa ya vuguvugu haitakuwapo. Zikikutwa zimepoa njiani, basi hotpoti hiyo haifai kwa kazi hii, na kilichomo kisibakizwe kwa ajili ya jioni.

Aliye nyumbani, anayetaka saladi baridi ya chakula cha mchana, azitandaze kunde zilizochujwa katika sinia pana, tabaka jembamba, mahali penye kivuli na upepo, zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa safi kisichogusa chakula. Zitapoa upesi kuliko zikiachwa ndani ya sufuria. Azichanganye na mboga, ziliwe mara moja. Na hapa tuseme neno kuhusu nazi, kwa kuwa watu wa mwambao wanazipenda mbaazi za nazi na sisi pia tunazipenda: tui huchacha upesi katika joto. Mbaazi za nazi ni za kula zikitoka jikoni, si za kubeba.

Mboga zioshwe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotibiwa, kwa kuwa hazitapikwa. Limau halichukui nafasi ya kuosha. Ukali wake hupunguza kasi ya baadhi ya vijidudu, lakini nyanya chafu iliyokamuliwa limau ni nyanya chafu yenye limau. Thamani yake ya kweli iko penginepo: vitamini C iliyomo ndani yake huusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika kunde, na madini hayo ya mimea huchukuliwa kwa shida yakiwa peke yake. Chai hufanya kinyume. Anayekula kunde kwa kuhofia upungufu wa damu, akateremshia chai ya rangi, anajipunguzia faida yake mwenyewe. Asubiri walau saa moja. Embe bichi lililokatwa vipande vidogo nalo hufaa badala ya limau, na msimu wake hukutana vizuri na msimu wa joto.

Chumvi iwe kidogo. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, na humo huhesabiwa chumvi ya milo yote. Nusu kijiko kwa bakuli la familia inatosha, hasa kama kitunguu, giligilani na limau vimo. Juu yake nyunyizeni ufuta uliokaangwa, korosho au karanga zilizopondwa. Lakini karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe. Huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haimalizwi na kikaango. Wapo wanaozitenga karanga mbovu na kuzisaga kwa sababu unga hauonyeshi kasoro. Hilo ni kuificha sumu, si kuiondoa, na aliyeuziwa unga huo hana njia ya kujikinga. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tusingependa saladi hii ibebeshwe sifa isizokuwa nazo. Mimea haina vitamini B12. Watoto wadogo, wajawazito na wanaonyonyesha waendelee kupata mayai, maziwa au dagaa kila inapowezekana, na mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi kitu ila maziwa ya mama. Mtoto aliyeanza kula, kunde zake zipondwe, naye asipewe karanga nzima wala korosho nzima, kwa kuwa humpalia.

Kwa akina mama na vijana wanaouza chakula kwenye minada ya korosho na magulio, ombi letu ni moja. Changanyeni kidogo kidogo, kadiri wateja wanavyofika, badala ya kujaza beseni zima asubuhi. Kunde zikae juu ya moto, mboga zikae zimefunikwa. Mteja naye asione haya kuuliza kilichomo kimechanganywa saa ngapi. Muuzaji anayejua kazi yake hatachukia.

Na mtu akiumwa baada ya kula, awahi zahanati, hasa akiwa mtoto au mzee, na akiharisha aendelee kunywa maji salama yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini. Kilichobaki kisitupwe kwa hasira. Kifungwe, kiwekwe pembeni pasipofikiwa na watoto wala mifugo, na afisa afya apewe taarifa siku hiyohiyo pamoja na jina la mahali kiliponunuliwa. Bila sampuli na bila tarehe, malalamiko ya kweli hushindwa kuthibitishwa, na gunia au beseni lililoleta madhara huendelea kuuza.

Tumesema ya kutosha. Maswali tutaanza kuyapokea kutoka kwa akina mama waliokaa nyuma, ambao tangu tulipotaja magadi wamekuwa wakinong'ona.