FAIDA YA KUIMBA PAMOJA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mbinga)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuimba katika kwaya na urafiki upatikanao humo. Huenda mmoja wenu akasema moyoni, "Karani ana haja gani na nyimbo? Kazi yake ni majalada na hesabu." Basi swali hilo ndilo nitakalojaribu kulijibu, kwa maana lahusu maisha yetu kuliko lionekanavyo.

Sisi watumishi wa serikali ni watu wa kuhamishwa. Leo mtu yuko Tanga, mwakani apelekwa Mbinga, na kabla hajajua majina ya jirani zake barua nyingine yaja kumwita Mbamba Bay. Afikapo kituo kipya huwajua wakubwa wake na wale wanaokuja na shida zao. Jioni huketi na makarani wenziwe wakizungumza mambo yale yale ya ofisi. Mwaka waweza kupita asiwe na rafiki hata mmoja miongoni mwa wenyeji. Na asiyewajua watu, awezaje kuwatumikia vema? Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwaya ni jembe la namna hiyo, maana humpa mgeni kazi katikati ya wenyeji.

Nchi hii haikungoja mtu wa kuifundisha kuimba. Pwani ya Ziwa Nyasa wanaume wana mganda, ngoma iliyochukua gwaride la askari wa Vita vya 1914–1918, na wanawake wana kioda. Kijiji hualika kijiji, na wenyeji hupikia wageni. Kwaya za sauti nne zilikuja na misheni: Wamisioni wa UMCA walifika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na baadaye Liuli ikawa kituo chao upande wetu, Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898. Nao Waafrika hawakukaa wakipokea tu. Mwaka 1897 mwalimu Enoch Sontonga huko Afrika Kusini alitunga wimbo kwa nota za do, re, mi. Sauti yake ndiyo tuisimamiayo tangu mwaka 1961 tuimbapo wimbo wa taifa. Na mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, mtu wa nchi yetu, alitoa kitabu cha kutetea muziki wa Kibantu katika ibada.

Sasa, urafiki watokaje katika nyimbo? Jibu langu ni kwamba kwaya humlazimisha mtu kusikiliza. Mwenye sauti ya nne hawezi kuimba vema bila kumsikia wa kwanza. Apigaye kelele ili asikike yeye peke yake huharibu kazi ya wote, hata angekuwa na sauti ya dhahabu. Tazameni ngoro za Wamatengo milimani: shimo moja haliwezi kuzuia maji ya mvua, lakini mashimo mengi yaliyoshikana huulinda udongo wa mteremko mzima.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walilichunguza jambo hili. Katika habari waliyoitoa mwaka 2015 walilinganisha madarasa ya watu wazima: wengine waliimba, wengine walijifunza kazi za mikono au uandishi. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamekaribiana sawasawa. Lakini waimbaji walikaribiana upesi zaidi hapo mwanzo. Ndugu zangu, kwa mtu anayeweza kuhamishwa wakati wowote, huo upesi si jambo dogo.

Lakini si kila kwaya huleta mapatano, kwa hiyo nashauri mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Tusiweke mazoezi kwa saa za ofisi peke yake. Miezi ya kuchuma kahawa mkulima hurudi nyumbani amechoka. Huko ziwani wavuvi wa usipa hutoka na taa usiku wa giza. Basi mazoezi na yawe siku za mbalamwezi, ndipo watakapokuwepo.

La pili ni cheo. Cheo kiachwe mlangoni. Mwalimu wa kwaya awe yule ajuaye nota, hata akiwa mvuvi, na bwana mkubwa akikosea arekebishwe kama mwingine yeyote.

La tatu ni dini. Kwaya za makanisa ziendelee na kazi yake njema. Lakini ya mtaa iwe na nyimbo ambazo Mkatoliki, Mwanglikana na Mwislamu wataziimba bila kuumia moyo: za kazi, za arusi, za kuaga wanafunzi. Martin Kayamba na wenziwe, walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, hawakujitenga kwa dini. Sisi tusirudi nyuma yao.

Nami nawaomba mfikiri jambo moja zito. Mtumishi afiwapo na mtoto mbali na kwao, ndugu zake wako mbali. Ofisi itampa ruhusa na barua ya pole. Lakini ni nani atakayekesha naye? Ni wale waliowahi kusimama naye bega kwa bega wakiimba. Na wao wakifiwa, naye ataujua mlango wao. Barabara ya lami sasa yashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na watu wa milimani na wa ziwani waweza kutembeleana. Basi nashauri chama kiteue watu watatu, wawili kati yao wenyeji wasio watumishi, waanze kuandikisha waimbaji kabla ya mkutano wetu ujao.